Kibuyu Nilichokiita Maziwa

Ndiyo, ni mimi. Yule mwanamke wa Meru aliyemwogesha mzee wa watu kwa pombe mbele ya kwaya nzima ya kanisa ni mimi hapa, na kabla hamjaanza kucheka (wewe Mama Ndeleaho nakuona, umeshaziba mdomo na kanga) nataka niwaambie kabisa kwamba aibu niliipata, tena ya kutosha, lakini siku ile kosa langu lilikuwa moja tu, na si lile mnalolisema mkiwa mnachuma kahawa huko chini mkidhani sisikii.

Mnamjua Eliamani, mtoto wa marehemu kaka yangu. Serikali ya Mwingereza ilimpeleka Bukoba kuwa dresa, mfunga vidonda hospitalini, akakaa huko, akampenda Kemilembe, binti wa Ta Yakobo (hiyo Ta ndiyo heshima yao kwa mwanamume). Huyo Ta Yakobo ni mzee wa kanisa, Mlutheri kama sisi, ila yeye ni mtu wa uamsho, ameokoka mpaka kwenye kucha. Barua mbili za posa alizirudisha. Akasema hawezi kumtoa mtoto wake kwa watu wa mlimani asiowajua, wazee wa kijana waje awaone kwa macho, na siku hiyo hiyo atasema ndiyo au hapana, na hapana yake hairudiwi. Basi, kwa kuwa mtoto hana baba, tukajiandaa kwenda, mimi shangazi yake na mdogo wangu Naftali.

Eliamani akaniandikia: "Shangazi, nakuomba sana, usilete pombe. Hawa watu hawanywi." Nikaisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro. Hivi kweli, jamani, mtu atoke Meru aende kuomba mtoto wa mwenzake mkono mtupu, kama anaomba kaa la moto? Mama yangu aliombwa kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, mimi niliombwa kwa mbege, na mchungaji aliyenifungisha ndoa hakunywa lakini kiti alichowekewa karibu na chungu hakukikataa! Nikachemsha ndizi zangu mbivu, nikaziacha zikachachuka, nikachuja, nikajaza kibuyu kikubwa, na unga wa kimea cha ulezi nikaufunga kando kwenye kitambaa, maana kimea ukikitia mapema unafika na siki. Nilikuwa nimeipanga safari yote kichwani: basi kutoka Arusha mpaka Nairobi, treni mpaka Kisumu, kisha meli, na jioni ya mwisho melini napika uji wa ulezi, nautia, asubuhi tunashuka pombe ikiwa tamu kabisa. Niambieni kama kuna mpishi wa pombe hapa angepanga vizuri zaidi.

Jioni hiyo ya mwisho nikaenda kwa mpishi wa meli kuomba maji ya moto. Akaniuliza, "Mama, unapika nini?" Nyuma yangu walikuwa wamekaa wanawake wa Bukoba wanaimba nyimbo za kanisa, nikaona nikitamka pombe habari zitamfikia Ta Yakobo kabla yangu, nikasema, "Maziwa." Naftali akanisogelea. "Dada, maziwa tangu lini yanatiwa ulezi?" Nikamwambia nyamaza. Halafu, ili harufu isitoke, nikakipigilia kizibo kwa kisigino cha kiatu, nikakifunga na kamba ya ngozi, nikaivuta kwa meno. (Najua! Kila mtu anajua kwamba kibuyu cha pombe huachiwa nafasi ya kupumua. Mnadhani mimi sijui?)

Asubuhi upepo ukachafua ziwa. Mji tunauona, gati tunaliona, lakini mawimbi yalikuwa yanapanda juu ya gati lenyewe, meli ikashindwa kusogea, ikatia nanga mbali huko, tukaambiwa tungoje mashua za kutushusha. Tukangoja mpaka saa nane mchana, jua linatuchoma, na mimi kibuyu nimekibeba mgongoni kwa kanga kwa sababu sikuthubutu kukiweka chini watu wasije wakakikanyaga. Kumbe nimekipasha moto pande zote mbili, jua huku, mgongo wangu huku.

Mashua zikaja, tukateremshwa kwa ngazi ya kamba. Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona maishani ni mto Nduruma wakati wa masika, sasa nateremka na gauni langu la Jumapili, upepo unalipandisha, nalishika kwa mkono mmoja, na kule chini baharia anapiga kelele, "Nipe mtoto kwanza, mama! Mtoto kwanza!" Watu wote wakanitazama. Mwanamke mwenye mvi, na mtoto mgongoni!

"Si mtoto," nikasema, "ni maziwa." Hiyo ikawa mara ya pili.

Ndani ya mashua nikafumba macho nikasali kwa Kimeru, maana Kiswahili kilinitoka chote. Tukipanda wimbi, nyuma ya sikio nasikia ssss, ssss. Naftali akaniinamia. "Dada," akasema taratibu, "huyo mtoto wako anapumua." Ningeweza kumtupa majini.

Ufukweni kwaya ilikuwa imejipanga, mashati meupe, inaimba kutukaribisha, na Eliamani wetu kasimama kando amekonda kwa wasiwasi, na Kemilembe karibu na mama yake, macho chini. Na Ta Yakobo mwenyewe, mrefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, akaingia majini mpaka magotini kutupokea. Niseme ukweli, heshima ile ilinigusa. Akanyoosha mikono. "Karibu mama, poleni na safari. Nipe mzigo nikupokee. Ni nini hiki?"

"Maziwa ya kwetu, mzee." Mara ya tatu.

Nikageuka nimpe mgongo afungue kanga, mashua ikagonga mchanga, na kizibo kikaondoka. Pwaa! Jamani! Povu lilimpiga usoni, likaingia masikioni, likateremka kwenye kanzu, lingine likanimwagikia shingoni na kuingia ndani ya gauni, na harufu ya mbege ikatangulia kwenda nchi kavu peke yake. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Sauti ya besi moja tu iliendelea kidogo, nadhani hakuwa ameona, halafu naye akanyamaza.

Ta Yakobo akajifuta macho. "Mama, haya ni maziwa gani?"

Naftali akawahi, "Unajua mzee, maziwa ya kwetu yakikaa siku nyingi..."

"Naftali, funga mdomo!" Nikasimama, mashua inayumba, nimelowa, nanuka, nikasema kwa sauti wasikie mpaka wale wa nyuma: "Ni pombe, mzee. Ni mbege, nimeipika mwenyewe kwa ndizi za shamba la kaka yangu, na sioni haya. Kwetu hatuendi kuomba mtoto wa mtu mikono mitupu. Usipoinywa, mwaga, lakini usiseme tulikuja kama wapita njia."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Tangu Arusha nilikuwa na maneno ya kumjibu akiisema vibaya pombe yangu. Yule mzee hakuisema.

"Pombe nimeielewa," akasema. "Hata marehemu baba yangu alikuwa akipika. Lakini nimekuuliza, ukaniambia maziwa. Sasa nikikuuliza huyu kijana ni mtu wa namna gani, utanijibu, na mimi nitakuamini vipi?"

Hapo ndipo aibu iliponiingia, ndugu zangu. Si ya povu, si ya gauni. Nilimwona Eliamani ameshika kichwa kwa mikono miwili, nikajua hapana inakuja, na nimeileta mimi mgongoni.

"Niulize," nikasema. "Niulize hapa hapa, watu wote wakisikia."

"Anakunywa?"

Eliamani akanikazia macho, na Naftali akanikanyaga mguu. Nikasema, "Alikunywa siku tulipomzika baba yake. Mimi ndiye niliyempa. Akalia, akalala. Tangu hapo sijamwona akinywa, lakini mimi nakaa Meru na yeye anakaa kwenu, kwa hiyo hilo muulize yeye."

"Ana hasira?"

"Anazo, kama zangu. Ila hajampiga mtu. Akikasirika anakwenda kupasua kuni."

"Ana nini huko kwenu?"

"Migomba ya baba yake, na kahawa ambayo mwaka huu imeliwa na wadudu."

Wakati huo mama yake Ta Yakobo, bibi kizee amekalia kigoda pale mchangani, alishapelekewa kibuyu na baharia aliyenifungua kanga, akachovya kidole, akalamba. "Kimea kimezidi," akatangaza.

"Hakikuzidi, bibi! Ni jua!" nikamjibu, na hapo watu wakaangua kicheko, hata Kemilembe, isipokuwa Ta Yakobo. Yeye alikamua pindo la kanzu yake, kisha akanipa mkono niteremke.

"Twendeni nyumbani, mama," akasema. "Ngoja nibadili kanzu, tuzungumze habari ya harusi."

Basi chekeni. Mkitaka niape, naapa: neno maziwa sitalitamka tena kwa kitu ambacho si maziwa, hata aniulize nani. Lakini pombe nitabeba, na mwezi ujao tunakwenda kumwombea mchumba mtoto wa Naftali, na nimeshaanika ulezi.