Maji ya Kisima Kwenye Rejeta

Gari lile nililinunua kwa ajili ya mama, na mpaka leo nikisema hivyo watu wananipongeza. Huwa nawaacha wanipongeze.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari mjini Mtwara, mtu wa kuja. Kwetu ni Rungwe, kwenye ukungu na migomba. Baba alipofariki, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilimchukua mama aje akae nami kidogo, mtaani kwangu Chuno, apumue. Kidogo hicho kikawa miaka. Joto lilimtesa, mchanga ulimchosha, na mihogo aliila kwa adabu tu. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila kila kiangazi kilipoanza aliniuliza, "Baba, barabara ya Tunduru imekauka?" Baba huyo ni mimi, ndivyo alivyoniita tangu utoto. Barabara hiyo ndiyo ya kwetu, na masika haipitiki. Alitaka kurudi kwake, aone kaburi la mumewe, afie kwenye nyumba yake.

Angeweza kupanda basi. Aliomba mwenyewe apande basi. Nikakataa, kwa sababu nilikuwa nimeshawaandikia ndugu zangu kwamba mama nitamleta mimi, kwa gari langu. Barua ile ilisomwa ukoo mzima. Baada ya kujitapa hivyo, nimshushe stendi na kifurushi chake kama abiria wengine? Niliona bora asubiri.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, refu la wastani: si shangingi la wakurugenzi, wala si kigari cha kuogopa dimbwi. Lilitumika Japani, likatumika tena Dar es Salaam, likanifikia miaka ya elfu mbili imeanza, likiwa limeng'arishwa na kupuliziwa manukato. Geji ya kilomita ilionyesha kidogo sana. Ilikuwa inasema uongo, lakini siku ile mimi nilitaka kudanganywa.

Mwezi wa pili shokapu za mbele zikaanza kuvuja. Zilipobadilishwa, bushi zikaanza kugonga. Bushi zilipotulia, ikawa zamu ya boljointi. Kila spea ililetwa na basi kutoka Dar es Salaam ndani ya boksi la sabuni, na nikilifungua nakuta spea ya gari jingine. Hapo sijataja matairi, bima na dizeli. Mshahara ulikuwa unapita kwangu kunisalimia tu, ukielekea gereji. Kiangazi cha kwanza kilipita gari likiwa juu ya mawe. Cha pili fundi alikuwa ameshaifungua gia boksi korosho zilipoanza kudondoka, akaenda zake shambani kwao kuokota, na gia boksi ikalala kwenye karai mpaka msimu ulipokwisha. Sikuweza kumlaumu. Korosho zilimlisha yeye na watoto wake, mimi nilikuwa namlisha ahadi.

Halafu lilikuwa linakunywa maji. Rejeta ilikuwa kuukuu, na kila asubuhi ilitaka kujazwa. Fundi, Mmakonde mmoja mpole, alinionya mapema.

"Nwalimu, usitie maji ya kisima. Ya huku yana chumvi, yanakula injini. Nunua dawa ile ya kijani, au tia ya bomba."

Dawa ya kijani iliuzwa kituo cha mafuta, na bei yake ilinikera. Bomba la Chuno lilitoka likijisikia. Kisima kilikuwa uani kwangu. Nikasema moyoni mafundi nao wamezidi, nikachota, nikatia. Nilitia siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima.

Mama akaniona, akaninyang'anya kopo. Tangu hapo ikawa kazi yake. Akimaliza sala zake za asubuhi anatoka uani, anainua boneti kama nilivyomwonyesha, anafungua kifuniko, anamimina taratibu mpaka maji yafike shingoni. "Kunywa ushibe, utupeleke," analiambia. Kwao maji ni ya chemchemi, baridi na matamu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maji yanaweza kuharibu kitu. Mimi niliyeambiwa nilikuwa ndani nakunywa chai.

Kiangazi cha tatu nikaona gari tulifanyie majaribio kabla ya safari. Nikampeleka mama Kilambo, akauone Mto Ruvuma. Alisimama ukingoni muda mrefu akitazama ng'ambo, Msumbiji.

"Huu mto unatoka wapi?"

"Songea, mama. Kwenye milima."

"Basi unatoka njia ya kwetu," akasema, akainama akanawa uso. Sikuwahi kumwona amefurahi vile tangu amefika Mtwara.

Tulipokuwa tunarudi, sindano ya joto ikapanda mpaka mwisho, mvuke ukafoka kwenye boneti, injini ikazima katikati ya mashamba ya mikorosho. Tukavutwa na lori mpaka mjini. Kesho yake fundi akafungua silinda hedi na kuniita nione. Njia za maji zilikuwa zimeliwa, na pembeni chumvi imeganda, nyeupe kabisa.

"Nilikwambia, Nwalimu," akasema kwa upole. Afadhali angenitukana.

Nilitembea kwa miguu toka gereji mpaka nyumbani, jua la saa saba. Njia nzima nilikuwa nahesabu: hedi nyingine, gasketi, rejeta, kiangazi kingine kimekwenda. Nilimkuta mama uani anachambua dagaa. Sikumsalimia. Nilimwambia, na majirani wakasikia, kwamba gari limekufa na yeye ndiye aliyeliua, kila asubuhi, kwa kopo lake. Nikasema kama asingekuwa na haraka ya kwenda kwake, tusingefika hapa.

Mama alinyanyua uso. Mikononi alikuwa bado na dagaa.

"Nisamehe, baba," akasema. "Sikujua."

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu ingetosha: mimi nilijua. Nikaingia ndani nikalala.

Baada ya siku ile hakuuliza tena habari za barabara ya Tunduru. Gari liliporudi kutoka gereji alilipita mbali, upande wa ua, nguo zake zisiliguse. Jumapili nikimfungulia mlango twende kanisani anasema atatembea, anyooshe miguu. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Mimi nikatangulia na gari, nikiona ni ukaidi wa uzee.

Kiangazi kilichofuata kila kitu kilikuwa tayari: hedi, rejeta mpya, dawa ya kijani mpaka juu. Nikamwambia, "Mama, Jumatatu tunaondoka."

"Nenda ukawasalimie," akasema. "Mimi nikipanda litachemsha."

Nilicheka. Nikambembeleza, nikakasirika, nikamwambia basi nimkatie tiketi ya basi. Akatikisa kichwa. Basi lina watu wengi, akasema, likiharibikia njiani na lenyewe atawaambia nini? Alikuwa ameshaamini kwamba mkono wake una kitu kibaya. Nikaahirisha, nikidhani jambo hilo atalisahau.

Aliugua masika yaliyofuata, malaria iliyopanda kichwani, akafa siku ya nne. Barabara ya Tunduru ilikuwa imekatika, malori yamezama matopeni, na pesa ya kuzungusha mwili kwa njia nyingine sikuwa nayo. Tulimzika Mtwara, kwenye mchanga. Walioimba walikuwa walimu wenzangu na majirani wa Chuno. Wa kwao hakuwepo hata mmoja.

Kiangazi niliendesha peke yangu mpaka Rungwe. Tunduru, Songea, Njombe, milima yote ile, na sindano ya joto haikusogea. Dada yangu mkubwa alinipokea, tukalia, na tulipokaa akaniuliza kitu ambacho ukoo mzima ulikuwa unajiuliza: mwaka jana gari lilikuwa zima na barabara kavu, mbona hukumleta?

Nikamwambia mama mwenyewe hakutaka. Alikuwa amekwisha kuizoea Mtwara.

Dada alifuta machozi akasema, "Kumbe alitusahau."

Sikumsahihisha.