Kitabu Nilichosomewa Nusu

Dada yangu alikwenda shule kwenye nafasi yangu. Hili nalisema mapema, na binti yangu anaandika ninavyosema, ili pasiwe na mtu wa kunihurumia kwa jambo jingine. Shangazi yetu alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja, na jina lililoandikwa na mwalimu lilikuwa langu. Ila mimi nilikuwa tayari najua kufuma. Dada akasimama mbele ya wazazi akasema, "Huyu ana mikono, mimi nina kichwa. Nitasoma kwa ajili yetu wawili. Yeye atanifumia, mimi nitamsomea." Wakubwa wakacheka, wakasema mtoto ana akili. Nikabaki na sindano zangu.

Nilimfumia. Masweta yake yote ya shule yalitoka mikononi mwangu, na mpaka leo nafumia duka la sare. Watoto wa watu wanakwenda kusoma wakiwa wamevaa kazi yangu. Yeye alisoma akawa mtu wa ofisini. Kunisomea, alinisomea kitabu kimoja tu, tukiwa tumeshakuwa watu wazima, nami namfumia sweta la kijivu. Kilikuwa kitabu cha mwanamke anayeishi peke yake kwenye nyumba kubwa. Siku moja anasikia mlango unagongwa, na mlango wenyewe ni wa chumba cha ndani, kisicho na mtu. Hapo dada akakata kipande cha uzi wangu, akakilaza kwenye ukurasa, akafunga kitabu.

"Kesho, mdogo wangu. Sauti imekauka."

Hiyo kesho haikufika. Mara safari, mara vikao, mara wageni. Nami nikasimamisha sweta pale pale, mkono wa kushoto umefika kwenye kiwiko.

"Ukiendelea, naendelea," nikamwambia.

"Kwa ubishi punda hakufikii."

"Punda ana mikono, dada. Kichwa kiko kwako."

Tukaviziana hivyo miaka mingi. Mwaka jana akafa, akaniachia sweta la mkono mmoja na nusu.

Sasa binti yangu amepata likizo, amekodi nyumba ndogo kando ya ziwa tukapumzike. Jana mchana nikatandaza kitandani vitu vya kuchagua: soksi za kichanga cha mpwa wangu, shali la binti, kofia niliyoianza kwa hasira na sijui itamfaa nani. Pembeni nikapanga vitabu vya dada, ambavyo wanawe waliniletea ndani ya sanduku bila hata kuuliza nitavifanyia nini. Mimi kitabu nakichagua kwa uzito wake na harufu.

Binti akasimama mlangoni. "Mama, tunakwenda wiki moja au unahama?"

"Mikono ikikaa bure inazeeka."

"Na vitabu je? Si nikusomee kile cha mama mkubwa, tumalize maneno?"

"Deni si lako. Kaa pembeni."

Nikafungua mfuko wa sweta la kijivu. Kila likizo huwa naubeba na kuurudisha bila kuugusa. Safari hii mkono ulikuwa umepita kiwiko, umeshuka kuelekea kwenye kifundo.

Nikausogeza dirishani, juani. Vitanzi vyangu hukaa wima, kimoja kama kingine. Hivi vipya vilikuwa vimejisokota, kila kimoja kama shingo ya mtu anayegeuka kukutazama. Duniani nimemfundisha kufuma mtu mmoja tu, dada, naye alijifunza vibaya: aliuzungusha uzi kinyume kwenye sindano, nikamkosoa hadi nikachoka. Binti yangu hajui hata sindano inashikwaje.

Nikachukua kitabu. Ukurasa wetu una doa la chai, siwezi kuukosea. Kipande cha uzi hakikuwepo pale. Kilikuwa mbele, kurasa nyingi.

Nikiwa bado nimekishika, akaingia jirani wa ukuta wa pili, fundi cherehani aliyehamia juzijuzi, kuchukua ufunguo ili atuangalizie nyumba.

"Nitakosa kitabu changu," akasema. "Yule dada anayekusomea mchana, nikisimamisha mashine namsikia vizuri. Sauti imekauka kidogo, ila kusoma anajua."

Mchana wa siku za kazi mimi niko kule duka la sare, nafuma. Binti yuko kazini kwake. Nilikaa kitandani, juu ya soksi.

"Amefika wapi?" nikauliza.

"Si yule mwanamke kafungua mlango."

"Kafungua?"

"Kafungua. Akamkuta..."

"Ishia hapo hapo."

"Haya, sikuharibii." Akatia ufunguo mfukoni, akageukia mlangoni. "Ila mama, nawe una roho ngumu. Kila akifunua ukurasa anakuuliza, 'Unanisikia, mdogo wangu?' Na wewe kimya."

Alipotoka, binti akafunga mlango. Nikaanza kufumua. Uzi ulikuja kwa taabu, ukivuta, kama kuna aliyeushika upande wa pili na hataki kuachia. Nikavuta mpaka kwenye kiwiko cha sweta, nilipoishia mimi, nikauviringisha kwenye donge lake. Kipande cha uzi nikakirudisha kwenye doa la chai.

Soksi, shali na kofia vinabaki. Nimechagua sweta hili na kitabu hiki, basi, vimekaa juu kabisa ya begi. Kesho tunaondoka. Binti ataoga ziwani. Mimi nitakaa ndani mchana kutwa, sindano mkononi, na kiti cha pili nitakivuta karibu. Akiuliza kama nasikia, nitaitika. Atakaposoma ndipo nitakapofuma.

Hayo aliyousomea ukuta siyahesabu, na ya jirani siyahesabu. Namdai dada yangu, kuanzia mlango unapogongwa hadi ukurasa wa mwisho, kwa sauti yake, nikiwepo.