Siagi ya Mama Juu ya Jiwe la Mwalimu

Mwanangu, kabla sijafika kwa mwalimu wa picha nitaanzia kwa daftari langu la kwanza la shule, maana kichwani mwangu mambo hayo mawili yanalala kitanda kimoja. Usiniharakishe. Ng'ombe mzee hafiki mtoni kwa mbio.

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, na Mama akaamua niende shule ya misheni. Asubuhi hiyo alitoa siagi, ile ya njano ya ng'ombe wetu mwekundu, akanipaka kwenye paji la uso, kifuani na viganjani, kwa mkono wa kulia, huku akitamka maneno ya kunibariki. Kwetu Wakipsigis hivyo ndivyo Mama alivyojua mtoto anavyotolewa nyumbani akienda kwenye jambo kubwa. Mkono wa kushoto haubariki kitu. Huo una kazi zake, na wewe unazijua.

Basi nikaingia darasani nanukia maziwa. Nikaweka kiganja juu ya karatasi, nikachovya kalamu, na wino ukakataa kukaa. Ulikimbia huku na huku kama vifaranga walioona mwewe. Mwalimu akainusa ile karatasi, akaninusa na mimi, akanichapa. Shule yenyewe sikukaa sana. Baba alifariki na ng'ombe wakahitaji mtu. Nilichotoka nacho ni herufi za jina langu na hilo moja, kwamba mafuta na maji hayaoani.

Mama huyo huyo, akisikia mguu wa mgeni langoni, alikuwa anafunika vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa ngozi ya mbuzi. Hata mgeni akiwa mjomba wangu. Alisema jicho la mtu halina mlango. Usimcheke. Wazee wetu waliwahi kuwakaribisha watu wenye kamba na karatasi, wakasema wanatazama milima tu. Tulipogutuka malisho yamekuwa chai mpaka upeo wa macho, na sisi tunaomba ruhusa kupeleka ng'ombe mahali pao pa kulamba chumvi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushuku kwetu hakukutoka hewani.

Haya, sasa tunafika. Miaka kadhaa baada ya Uhuru, mimi nimeshakuwa kijana wa ndevu, nachuma chai kidogo tuliyopanda nyuma ya nyumba, habari zikaja hapa kwetu Roret kwamba chuo kikuu kimetuma mwalimu. Ati yale wanayoanza nayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huko Nairobi, na sisi watu wazima wa mashambani tuonjeshwe. Wengine walitegemea sheria, wengine hesabu. Aliyekuja alikuwa wa kuchapa picha.

Jina lake Odongo, kijana mwembamba wa upande wa ziwani, mpole, suruali yake imepigwa pasi kama ya karani. Alishuka kwenye lori na mtambo mdogo wa mpini, na jiwe. Jiwe bapa, jeupe-jeupe, wanaume wawili walilibeba wakilalamika. Mbele ya duka alikuwa amesimama Mzee arap Korir, jirani yetu, mwenye kilima kinachotazamana na nyumba yetu, na mtu ambaye barazani akikohoa wengine hunyamaza.

"Mwalimu," akamwambia, "kwenu mawe yamekwisha, hata ukabeba lako?"

"Mawe yapo, mzee. Hili ni la kazi."

"Na samaki?"

"Samaki pia wapo."

"Basi umekuja kutafuta nini huku?"

Watu walicheka. Arap Korir hakucheka.

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa mabati karibu na soko, na tulikuwa wachache: mimi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, fundi cherehani kutoka Kisii, na mama mmoja muuza mboga aliyekuja kupumzisha miguu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unalisugua jiwe mpaka linakuwa laini. Unachora juu yake kwa kalamu ya mafuta na masizi. Halafu mwalimu analipaka maji ya gundi yenye dawa kali kidogo. Baadaye unalilowesha na kupitisha rola ya wino. Palipo na mafuta wino unashika, palipo na maji wino unafukuzwa. Unalaza karatasi, unakandamiza kwa mtambo, picha inatoka. Niliposikia hayo nikacheka peke yangu, kwa sababu hilo somo la chuo kikuu mimi nilishachapiwa viboko nikiwa na meno pungufu.

Sheria yake ilikuwa moja. "Nawa kwa sabuni kabla, na usiliguse jiwe kwa kiganja. Likishaonja mafuta halisahau, hata usipoyaona kwa macho."

Hiyo ya kunawa ndiyo ilianza maneno sokoni. Kazi gani hiyo, watu waliuliza, ambayo unanawa kabla ya kushika jiwe? Na ile dawa inayotoa povu ni ya nini? Mimi nilikuwa nimechora kilichokuwa mbele ya macho yangu kila siku: kilima cha arap Korir upande wa kulia, nyumba yetu upande wa kushoto, na kijito katikati ambacho ndicho mpaka wetu. Sikumbuki kazi nyingine niliyoifanya kwa moyo kama ile. Nilichora hata kuku.

Sasa elewa zilikuwa siku gani. Zilikuwa siku za kupimiwa mashamba. Wapimaji walikuwa wanakuja na minyororo yao, kila mtu anasimama kwenye mpaka wake na majirani wanatoa ushahidi. Mama alikuwa mjane. Shahidi wake mkubwa alikuwa arap Korir. Na arap Korir akasikia kwamba mgeni wa ziwani amemfundisha mtoto wa mjane kuchora ardhi juu ya jiwe.

Akaja ukumbini na wazee wenzake. Hakupiga kelele. Alisema, "Kesho kutwa mtaichapa hiyo picha mbele yetu. Ikitoka ni kilima tu, endeleeni na mchezo wenu. Ikitoka kitu kingine, mgeni huyu atarudi kwao, na mimi nitajua jirani zangu ni akina nani."

Mwalimu alikubali. Mimi usingizi ulinipa shida.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Hata waliokuwa wakipeleka majani ya chai walitua vikapu wakaingia. Mama alisimama nyuma, amejifunga shuka. Mwalimu alilowesha jiwe, akapitisha rola. Mistari yangu ikaanza kushika: kilima, nyumba, kijito. Nikapumua. Akapitisha tena. Halafu juu ya kilima, mahali nilipoacha mbingu wazi, pakaanza kuota vidole.

Mwalimu alisita, lakini wazee walikuwa wameshaona. Akalaza karatasi, akakandamiza, akaiinua kwa ncha mbili. Mkono mweusi, mzima, umekishika kilima cha arap Korir kutoka juu.

"Huo ni mkono wa nani?" arap Korir akauliza polepole.

Kisha Mama akapita katikati ya watu.

"Ni wangu," akasema. "Juzi mlipotoka kwenda kunywa chai niliingia. Nililipaka siagi kwa kiganja, jiwe la mtoto wangu, kama nilivyompaka yeye siku ya kwanza ya shule. Nikalipangusa na kitambaa lisichafuke. Nilitaka litoke vizuri."

Nikakumbuka daftari langu, mwanangu. Nikasikia hata harufu.

"Umelibariki," arap Korir akasema.

"Nimelibariki."

"Weka mkono wako hapa kwenye karatasi."

Mama akaweka wa kulia. Kidole gumba chake kilitazama huku, kile cha kwenye picha kilitazama kule.

"Weka wa kushoto."

Ukalala pale kama mguu ndani ya kiatu chake.

Wanawake walivuta pumzi. Mama akautazama mkono wake kana kwamba umemsaliti. "Nilipaka kwa wa kulia," akasema. "Nimezaa, nimezika mume, sijawahi kubariki kwa wa kushoto."

Mwalimu akaingilia haraka. "Mzee, anasema kweli. Jiwe hugeuza kila kitu. Kulia kunakuwa kushoto. Wanafunzi wangu wote wanajua. Hebu tazama picha yenyewe, kilima na nyumba pia vimebadilishana."

Alidhani amemwokoa. Ukweli wakati mwingine ni kama kuni mbichi, mwanangu, unauweka motoni upate mwanga na unapata moshi. Arap Korir aliinama, akatazama, akafuata kijito kwa kidole.

"Nimeona," akasema. "Nyumba ya mjane imekaa kwangu, na kilima changu kimekaa kwake. Na mkono wa kushoto juu yake."

"Nipe nafasi niuweke mkono wangu mwenyewe, nichape tena mbele yako uone," mwalimu akasema.

"Mtu akitoa nyoka mfukoni, humwambii atoe wa pili ndio uamini." Akajinyoosha. "Mgeni, mimi nataka jambo moja. Ama mama huyu ameipaka ardhi yangu kwa mkono wa laana, ama wewe umeugeuza mkono wake. Wapimaji wako njiani. Nataka kujua nitasimama mpakani na jirani wa namna gani."

Hapo nitasimama kidogo. Nasaha yangu nitakupa sasa, kwa sababu nikishamaliza hadithi hii huwa sina hamu ya kusema tena.

Sikwambii uache kushuku. Asiyeshuku ataamka akiwa mgeni kwenye boma lake. Lakini shuku kama Mama alivyoshuku: alifunika kibuyu, ndiyo, halafu akammiminia mgeni maziwa katika kikombe na kukaa naye akimsikiliza. Arap Korir alifunika na hakumimina. Aliuliza maswali mengi, na kila jibu alilopewa alilitia mfukoni mle mle alimokuwa ameshaweka hukumu. Ukijikuta unauliza hivyo, nyamaza, maana hiyo si kuuliza.

La pili, na hili wengi hawaniungi mkono. Ukiona mkono mweusi umeshika jambo lako, usikimbilie kumtazama mtu wa mbali. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, nami naongeza kwamba kinachokupenda pia ki nguoni mwako, na nacho hugusa mahali palipokatazwa. Kwa hiyo ukimpenda mtu mwenye kazi yake, mwulize kabla hujaiwekea kiganja chako, hata kama kiganja kina baraka. Na wewe mwenye kazi, sheria zako ziseme nyumbani pia. Mimi nilizijua za jiwe lile na sikumwambia Mama hata moja.

Mungu akupake siagi kwenye paji la uso, kwa mkono wa kulia. Ng'ombe wako wasikauke. Siku ya kupimwa, ya aina yoyote ile, awepo mtu wa kusimama nawe mpakani.

Haya, tumalizie.

Mwalimu Odongo alimtazama arap Korir, kisha akamtazama Mama, ambaye alikuwa ameuficha ule mkono ndani ya shuka. Alielewa, nadhani, kwamba kila atakachoeleza kitamwangukia yule mjane. Akaiweka karatasi mezani taratibu.

"Mkono niliugeuza mimi," akasema. "Mama huyu alipaka kwa wa kulia."

Arap Korir akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipata alilokuwa akilingoja, akamgeukia Mama na kumwita jirani.

Mwalimu akaenda kwenye karai, akanawa kwa sabuni, akapangusa kidole kimoja kimoja. Akachukua koti lake. Watu walimfungulia njia. Alishuka na ile njia ya katikati ya michai kuelekea barabara kubwa, mashati ya wachumaji yakamficha, na hakurudi tena, hata kulichukua jiwe lake.