Chura wa Chini ya Mtungi

Watu wa hapa Sepuka walishanicheka, na wewe cheka ukitaka. Darasa la nne sikumaliza, nyumba ya bati nimeijenga kwa alizeti yangu mwenyewe, na uongo sijawahi kuuhitaji. Haya yalinipata mchana, jua kali, nikiwa na akili zangu zote.

Tangu mke wangu afariki na watoto wahamie mijini, nyumbani kwangu tulibaki wawili: mimi na chura. Aliingia mvua zilipoanza, akajibanza chini ya mtungi wa maji, penye ubaridi. Sikumtoa. Kila siku nilifukua samadi zizini, nikamletea mabuu yale meupe, manene, kwenye kopo. Alikula mkononi mwangu. Nilimsimulia habari za shamba. Ungekuwa wewe, ungemsimulia nani?

Siku hiyo nilichelewa zizini. Naingia na kopo langu, namkuta mwanamke kijana amechuchumaa kando ya mtungi. Kanga imelowa chapachapa, na mvua ilishakata miezi miwili. Ngozi ya koo lake ilikuwa inapwita. Hakunitazama mimi, alitazama kopo.

"Leo umechelewa," akasema.

Hofu? Sikuwa nayo, niamini. Nilikuwa na hasira. Mtoto wa juzi, ndani ya nyumba yangu, hana hata shikamoo!

"Binti, kwenu wazee hawaamkiwi?"

"Tangu masika unanilisha. Ulishawahi kunidai shikamoo?"

Nikamtambua, lakini kiburi kikatangulia. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Niamkie, au toka!"

Akainuka taratibu, akanipita mlangoni. Ubaridi wake niliusikia mkononi. Nikamfuata uani nikifoka. Mama Neema, jirani yangu, alikuwa anapepeta alizeti pale pale njiani.

"Shikamoo mzee. Unamfokea nani? Au umeoa kimyakimya?"

Hakuona mtu. Nikarudi ndani, nikausogeza mtungi. Chini pakavu, chura hayupo.

Mvua zimekuja tena na kuondoka. Bwawani vyura wamejaa, hakuna hata mmoja anayevuka kizingiti changu. Siku nyingine jua linazama sijatamka neno.

Nakuonya, wewe hasa uliyejijengea kwako ukaona unatosha: kiumbe kikikujia, kipe kula, kaa nacho. Heshima yangu ninayo bado, nzima kabisa. Nikiisemesha, haijibu.