Dobi na Mke Mwenzake

Mke akimwonea wivu mwanamke mwenziwe ana pa kuanzia: atamfuata, watatoleana maneno, mambo yaishe. Dobi wetu alinyimwa hata nafuu hiyo. Mke mwenzake alikuwa mto.

Mumewe mtaani walimwita Chokaa. Zamani alikuwa mwendesha pampu mgodini, na mgodi ulipofungwa ndiye aliyeamriwa azime pampu. Akazizima. Maji yakajaa mashimoni, yakaanza kuvuja ubavuni mwa kilima yakiwa na chuma na ukali wa tindikali, mto ukageuka rangi ya kutu na samaki wakaisha. Mradi wa kusafisha ulipoanza, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Maji ya mgodi yalipitishwa kwenye mfereji uliojazwa mawe ya chokaa ili ukali upungue. Tatizo ni kwamba mawe yakishavaa kutu hayafanyi kazi tena, kwa hiyo lazima yageuzwe na kusuguliwa kwa brashi ya waya, moja baada ya jingine. Chokaa alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Mawe ya mfereji aliyageuza kila siku. Godoro la nyumbani, tangu linunuliwe, hakuligeuza hata mara moja.

Nguo zake alifua mkewe, na mkewe kufua ndiyo ilikuwa kazi yake. Nyuma ya nyumba alikuwa na banda lenye masinki mawili ya saruji na kamba tano, na shuka za zahanati zilitoka kwake nyeupe pee. Suruali za mumewe tu ndizo zilizomshinda, mpaka mwaka huu zilipoanza kutakata. Majirani walipenda kumtania, "Mke mwenzio hajambo?" Alicheka nao, kisha akaingia ndani akasonya. Wivu ulikuwa unamkaba hasa, si utani.

Miezi mitatu iliyopita samaki walirudi, perege. Chokaa alileta habari hiyo mezani akiwa na uso ambao mkewe hakuuona tangu siku ya harusi yao.

"Kuna dume limechimba kishimo cha mayai mchangani," alisema. "Linakifagia kutwa nzima."

"Na wewe humu ndani ulifagia lini mara ya mwisho?"

Akawapeleka wanafunzi kukiona kishimo, akawapeleka na wakubwa wa mradi. Mkewe hakuambiwa twende.

Binti yao aliishi mji wa mbali, safari ya kutwa, na mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu hajawahi kumwona babu yake. Dobi alikwenda kuwaona mara tatu, peke yake, na kila mara alipokelewa na swali lile lile: "Baba yuko wapi?" Sasa mkwe wao amepata kazi nchi nyingine, Jumapili wanahama. Chokaa aliapa kwamba safari hii hakosi. Wangepanda basi la Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Ijumaa alfajiri Dobi akaenda kuanua nguo. Suruali ya mumewe ilianikwa jana jioni ikiwa imelowa mpaka magotini, haina doa. Sasa ilikuwa na kutu kuanzia pindo hadi goti. Hakuhitaji kufundishwa na mtu. Maji ya mgodi yakitoka ardhini huwa meupe, chuma kimejificha ndani, mpaka yapigwe na hewa ndipo kutu ionekane. Kuna mahali papya panapovuja, yanaingia mtoni bila kupita kwenye mawe, na kwa macho mtu hawezi kupaona. Aliikunja suruali akaisukuma chini ya sinki.

"Leo hapana," aliuambia mto, kama vile unamsikia. "Leo ni wangu."

Stendi walikaa kwenye benchi, mumewe kavaa shati lililopigwa pasi na viatu vinang'aa. Mumewe akakohoa.

"Mama, vifaranga vya perege vimeonekana jana. Vidogo kama punje za mchele. Wale wengine niliwaonyesha kishimo tu. Vifaranga nilitaka uwe wa kwanza kuviona wewe. Tukirudi nitakupeleka."

Dobi alitazama viatu vile. Angeweza kunyamaza, na basi lilikuwa linaingia.

"Suruali yako ya jana imeshika kutu," alisema. "Mpaka magotini."

Mumewe aliweka begi chini. "Umejua saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nina wivu, baba. Miaka yote hii nina wivu."

Basi liliondoka bila wao.

Mtoni Chokaa alipanda na kushuka ukingoni kama aliyepoteza funguo. Kila mahali maji yalikuwa meupe. Mkewe alikuwa amepitia nyumbani kuchukua shuka kuukuu. Alizichana vipande, akawa anachovya kimoja kila baada ya hatua kumi na kukifunga kwenye kijiti juani. Ilipofika saa nane, vipande kumi na kimoja vya juu vilikuwa vyeupe, na kuanzia cha kumi na mbili vyote vimegeuka rangi ya kutu.

"Ni hapa katikati," alisema.

Wakafyeka nyasi, wakakuta maji yanachuruzika, wembamba wa kidole. Walichimba mtaro wa kuyarudisha kwenye mawe, wakaziba kwa viroba vya udongo. Walipomaliza, Dobi aliinama kwenye kidimbwi cha chini. Vifaranga vilikuwa hai, vingi visivyohesabika, vikigeuka upande huu na ule kwa pamoja. Kwa miezi mitatu alikuwa amejiandaa kuwachukia samaki hawa, akashindwa.

"Kesho kuna basi," alisema.

"Siwezi kuondoka. Mtaro haujatulia, na vitambaa vyako lazima vibadilishwe asubuhi na jioni."

"Najua. Ndiyo maana utakwenda peke yako. Mimi mjukuu nimeshambeba, wewe bado. Nipe hiyo brashi ya waya."

Chokaa hakuitoa. Alimtazama mkewe, amesimama majini kafunga kanga juu ya magoti, miguu imejaa kutu kana kwamba alizaliwa hapo.

"Mawe utayageuza taratibu?"

"Nitayageuza taratibu."

"Na lile dume usilisogelee. Halijakuzoea."

"Litanizoea."

Chokaa akaikaza brashi mkononi. Mkewe aliyaona usoni mwake yale aliyoyaona kwenye kioo chake mwenyewe miaka kumi na tisa.

"Lisikuzoee sana," Chokaa alisema, na hata alipoinyoosha ile brashi hakuiachia upesi.