Discharge: Kiingereza cha shemeji kilivyomtoa mama wodini

Wakuu salamu, na wakubwa wote shikamooni. Haya yametokea kwetu Dirma, na chumvi sijaongeza.

Mama alikanyagwa mguu na ng'ombe. Kidonda kikagoma kupona, tukampeleka hospitali ya Haydom, akalazwa.

Sasa kuna shemeji, mume wa dada yangu. Huyu bwana alipita chuo fulani mjini, tangu hapo hata ukimwomba chumvi mezani anakujibu Kiingereza. Yaani anachosha!

Daktari akapita, akafungua bandeji, akamwambia nesi, "There is discharge." Wakaenda kitanda kingine.

Shemeji akatutangazia kwamba mama ameruhusiwa. Nikasema tumuulize nesi kwanza. Akanicheka mbele ya wagonjwa.

"Wewe umesoma wapi? Discharge ni ruhusa. Funga mizigo."

Mama anamwamini sana mkwe wake msomi. Akajifunga shuka, akashuka kitandani. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, watu wamejaa, tukatoka nao bila kuulizwa.

Nyumbani mguu ukavimba, ukaanza kunuka. Tukamrudisha mbio. Nesi alitugombeza mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Kumbe daktari alisema kidonda kinatoa usaha!

Baadaye nikalichimba hilo neno. Charge asili yake ni kupakia mzigo kwenye mkokoteni, tangu Kilatini cha kale. Hata chaji ya simu imetoka hapohapo. Kwa hiyo discharge ni kushusha mzigo: mgonjwa akitoka wodini, askari akiachishwa jeshi, usaha ukitoka kidondani. Zote discharge. Msomi wetu alikariri moja, akavimba kichwa.

Mama amekatwa vidole viwili vya mguu. Inaniuma sana, wakuu.

Shemeji akaja kumwona, akaanza somo eti Kiingereza kina maneno yenye maana nyingi. Hata pole hajasema! Mama akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Mkwe wangu," akamwambia, "siku ile ungesema tu hujui, leo ningekuwa nachunga."

Shemeji akaangalia simu yake.

Kuuliza si ujinga, wakuu. Ukisikia neno hospitalini, muulize aliyelisema, usimuulize mjuaji wa ukoo.

Na nyie mnaye wa hivi kwenu? Mwageni hapa, ila majina myaache. Wa kwangu naye yumo humu, anasoma, na najua atakuja kunisahihisha spelling.