Lita Mbili za Ukarimu

Mimi ni mkarimu, na ukarimu wangu nusura unifukuzishe kazi. Leo nacheka. Siku ile, thubutu!

Nilikuwa kwenye wiki ya majaribio katika kampuni moja ndogo iliyokuwa ikichonga barabara ya vumbi ya Mandawa, huku Ruangwa. Wiki ikiisha salama, naajiriwa fundi wa mitambo. Ikiharibika, narudi kwetu Nambambo, Nachingwea, kupalilia mikorosho na kuwasikiliza shangazi zangu: "Si tulikwambia? Spana na mwanamke wapi na wapi!" Bora nile mchanga kuliko kuwapa raha hiyo.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mwembamba, asiyepoteza neno. Siku ya nne asubuhi akaniachia greda. "Badilisha mafuta ya gia za nyuma," akasema. "Fungua nati ya kipimo hii ya ubavuni, halafu mimina taratibu kwa juu. Mafuta yakianza kuchungulia hapa tunduni, acha. Usiongeze hata tone." Akapanda pikipiki, akaenda Chinongwe kuangalia katapila lililokwama.

Nikafanya kama alivyosema, mpaka mafuta yakachungulia. Nikayatazama. Jamani, kwetu hatupimi hivyo! Mama yangu akikupimia mbaazi, kopo linajaa, kisha anarundika juu mpaka zinamwagika chini, ndipo anaridhika kwamba amekupa. Chai isiyofika mdomo wa kikombe ni sawa na kumwambia mgeni aende zake. Sasa mtambo mkubwa namna hii, unaoshinda juani kutwa, niupimie mpaka tunduni tu? Huo si uchoyo? Nikafunga nati ya ubavuni, nikaongeza lita mbili kwa juu. Roho yangu ikatulia kabisa.

Opareta wa greda, mzee wa hapahapa Ruangwa asiyeishiwa utani, akawasha akaondoka. Saa tano nikamwona anarudi pole pole. Nyuma pamepata moto hapagusiki, kipumulio kinatema povu kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, na sili moja, ile raba inayozuia mafuta yasitoke, inavuja.

"Mwanangu," akaniita, "umeinywesha nini hii?"

Kabla sijajibu, pikipiki ya fundi ikasimama. Akainama, akagusa povu kwa kidole, akanusa.

"Nani alimimina?"

Opareta akakohoa. "Fundi, hizi sili nazo zimezeeka," akasema, huku akinikonyeza. Alikuwa amenipa pa kutokea, na Mungu anajua nilivyopatamani.

"Ni mimi," nikasema. "Niliongeza lita mbili. Niliionea huruma."

"Uliionea nini?"

"Huruma. Greda."

Opareta akaangua kicheko mpaka akashika gurudumu. Fundi hakucheka. Alinikalisha chini ya greda, nikaanza kuyatoa mafuta yote, na yeye akazungumza kuliko siku zote nne kwa pamoja. Gia inatakiwa ichovye meno tu, akasema, iyabebe mafuta na kuzirushia gia nyingine. Ukiizamisha inayapiga yale mafuta kama mtu anayekoroga mayai, yanakuwa povu, na povu halilainishi kitu. Joto linapanda, mafuta yanatafuta pa kutokea, na sili ndiyo inayoumia.

Tulibadilisha sili. Nikamimina upya. Yalipochungulia tunduni nikaacha, ingawa roho iliniuma. Iliniuma, sisemi uongo!

Fundi akaizungusha greda uwanjani, akashuka, akashika nyuma. Palikuwa na uvuguvugu tu. Akajifuta mkono, akaelekea kwenye pikipiki yake. Basi nikajua yamekwisha. Nikafuta spana moja moja, nikazipanga kwenye mkoba wake, nikamnyooshea huku nimeshaanza kuwasikia shangazi zangu masikioni.

"Niondoke leo, fundi, au kesho?"

Hakuupokea. "Kesho nashinda Nachingwea na greda ya pili," akasema. "Hapa lazima abaki mtu ambaye nikimpigia simu ataniambia kilichotokea." Akamtazama opareta. "Huyu mzee wako ananidanganya mchana kweupe."

Akapiga kiki pikipiki.

"Mkoba kaa nao."

Nikakaa palepale kwenye vumbi nikiwa nimeukumbatia, nikalia kama mtoto, na opareta akajifanya anakagua tairi.